Moyo umechoka, mapafu nayo yamechoka: Namna ya kumtunza mzee mwenye magonjwa yote mawili

Kama nyumbani kwako kuna mzee anayelala ameegemea mito mitatu, anayepumzika mara mbili kabla hajafika chooni, na ambaye kikohozi chake mmekizoea kiasi kwamba kisiposikika mnakwenda kumchungulia, bila shaka ugonjwa wake una jina moja pale nyumbani. Wengine husema ni pumu ya bibi. Wengine husema ni moyo wa babu. Wengine hukata shauri kwamba ni uzee tu.

Jina hilo moja ndilo linalowaponza wengi. Wapo wagonjwa, tena si wachache, ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa na wakati huohuo mapafu yao yameharibika kwa miaka mingi ya moshi, sigara au kifua kikuu cha zamani. Akitibiwa mapafu peke yake, maji yanaendelea kujaa mwilini. Akitibiwa moyo peke yake, kifua kinaendelea kubana. Familia inazunguka hospitali, fedha zinakwisha, na mgonjwa anarudi wodini kila baada ya muda mfupi kwa shida ileile ya pumzi.

Makala haya yanaeleza jinsi magonjwa haya mawili yanavyoishi ndani ya mtu mmoja, kwa nini moja hulificha jingine, na nini familia inaweza kufanya ili mzee apumue vizuri zaidi na alale kitandani kwake badala ya wodini.

Nini hutokea mwilini

Daktari anaposema moyo umeshindwa kufanya kazi, hana maana kwamba moyo umesimama. Ana maana kwamba pampu imedhoofika. Damu haisukumwi kwa nguvu ya kutosha, hivyo maji hurudi nyuma na kujikusanya: kwenye mapafu, miguuni na tumboni. Ndiyo maana mgonjwa hushindwa kulala chali na viatu vyake huanza kumbana jioni.

Huu si ugonjwa wa vikongwe peke yao. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 427 wenye tatizo hilo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na kisababishi kilichoongoza kilikuwa shinikizo la juu la damu, kwa asilimia 45. Miaka 55 ni umri wa mtu ambaye bado analipa ada za shule.

Ugonjwa sugu wa mapafu una njia yake. Moshi unaovutwa kwa miaka hufanya njia za hewa zivimbe na kuwa nyembamba, huku vifuko vidogo vya hewa vikipoteza uwezo wa kutanuka na kunywea. Hewa huingia, lakini kutoka ni kwa shida. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021.

Wengi wetu tukisikia mapafu mabovu tunafikiria sigara. Katika nchi tajiri ni kweli, kwani sigara huchangia zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, WHO inasema mchango wake ni kati ya asilimia 30 na 40, na moshi wa jikoni ni miongoni mwa visababishi vikubwa. Utafiti uliofanyika vijijini hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta asilimia 17.5 ya watu wazima waliopimwa wana dalili za kipimo za ugonjwa huo, na karibu wote hawakuwahi kuambiwa kwamba wanaumwa.

Sasa yaunganishe. Mama aliyepika kwa kuni miaka 40 na ambaye presha yake haikupimwa mapema anaweza kuvuna magonjwa yote mawili kwa pamoja. Baba aliyevuta sigara, vivyo hivyo, maana sigara huharibu mapafu na mishipa ya damu kwa mkupuo. Kisha magonjwa hayo huanza kuchocheana. Mapafu mabovu hupunguza oksijeni na kuupa upande wa kulia wa moyo mzigo mkubwa. Moyo dhaifu nao hujaza maji kwenye mapafu ambayo tayari yana shida.

Kwa nini moja hulificha jingine

Tatizo ni kwamba dalili zinafanana. Kukosa pumzi, kuchoka upesi, kukohoa usiku: hizo ni za moyo na ni za mapafu pia. Hata mlio wa filimbi kifuani, ambao watu wengi huuona kama muhuri wa pumu, unaweza kutokea kwa sababu ya maji yaliyosababishwa na moyo. Na miguu kuvimba, tunayoiona kama alama ya moyo, inaweza kutokana na mapafu mabovu yaliyouchosha moyo.

Watafiti wa Uholanzi waliwahi kuwapima upya wagonjwa 405 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea ambao walikuwa wakitibiwa ugonjwa sugu wa mapafu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba mmoja kati ya kila watano alikuwa pia na moyo uliodhoofika, na hakuna aliyekuwa akijua. Kama hali ni hiyo huko ambako vipimo viko jirani, tusishangae ikitokea kwetu.

Zipo ishara zinazoweza kumsaidia daktari, na wewe unayeishi na mgonjwa ndiye unayeziona kwanza. Moyo hushukiwa zaidi pale mgonjwa:

• Anaposhindwa kulala bila mito mingi.
• Anaposhtuka usiku akitafuta hewa na kukimbilia dirishani.
• Anapoongezeka uzito ghafla huku hali chakula kingi.
• Anapovimba miguu, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Mapafu hushukiwa zaidi pale ambapo kikohozi chenye makohozi kimedumu kwa miaka, pumzi hupungua taratibu mwaka hadi mwaka, hali huwa mbaya kila apatapo mafua, na kuna historia ya sigara, moshi wa jikoni, vumbi la kazini au kifua kikuu. Ukiona ishara za pande zote mbili, usichague. Mweleze daktari zote.

Vipimo vya kuulizia

Ili kujua ukweli, mgonjwa anahitaji kupimwa moyo na kupimwa mapafu. Kwa moyo, kipimo muhimu ni eko, ambacho ni picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha moyo unavyosukuma damu. Huambatana na kipimo cha umeme wa moyo, picha ya kifua na vipimo vya damu, vikiwamo vya figo na wingi wa damu.

Kwa mapafu, kipimo chake ni spairometri. Mgonjwa huvuta hewa hadi mwisho kisha huipuliza kwa nguvu zote kwenye mashine, nayo hupima hewa iliyotoka na kasi yake. Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Kipimo hiki kikifanyika wakati mgonjwa bado amejaa maji, majibu yanaweza kupotosha, kwa sababu maji yenyewe hubana njia za hewa. Ni vizuri zaidi kusubiri maji yapungue na hali yake itulie. Kwa hiyo daktari akisema mrudi baadaye kwa kipimo cha mapafu, msione kama amewapuuza.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, pamoja na hospitali kubwa kama KCMC na Bugando zina wataalamu wa moyo, na JKCI imekuwa ikipeleka madaktari wake mikoani kwa huduma za tiba mkoba. Kama fedha hazitoshi kwa vipimo vyote kwa siku moja, sema wazi na uulize: "Daktari, kipi kianze?" Swali hilo halina aibu.

Dawa ambayo watu huiacha kwa hofu

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Mgonjwa wa moyo hupewa dawa za kundi la kupunguza kasi ya mapigo ya moyo, mfano bisoprololi, metoprololi au kavediloli. Kwa miaka mingi dawa za kundi hili ziliogopwa kwa yeyote mwenye shida ya kifua, na hofu hiyo bado ipo. Mtu anasoma karatasi iliyo ndani ya boksi, au jirani anamwambia "hiyo inabana kifua", naye anaiacha.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Zipo dawa za kundi hilo, kama propranololi, zinazoweza kubana njia za hewa. Lakini bisoprololi na metoprololi hulenga moyo zaidi kuliko mapafu. Miongozo ya kimataifa ya madaktari wa moyo na ile ya madaktari wa mapafu inakubaliana kwamba mwenye ugonjwa sugu wa mapafu asinyimwe dawa hizi kama moyo wake unazihitaji. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 515 wa mapafu. Bisoprololi haikupunguza mashambulizi ya kifua, lakini haikuyaongeza pia.

Kuinyima ndiko kunakogharimu. Katika utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 1999, kati ya kila wagonjwa 100 wa moyo waliopewa kidonge kisicho na dawa, 17 walifariki katika kipindi cha ufuatiliaji. Waliopewa bisoprololi walifariki 12. Hao watano ni mama na baba za watu.

Dawa hii huanza kwa dozi ndogo na kuongezwa polepole. Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kujisikia mchovu. Akianza kutoa mlio kifuani au kubanwa zaidi, mrudisheni kwa daktari aangaliwe, lakini msimwachishe ghafla nyumbani. Na kama ana pumu halisi, ambayo ni ugonjwa tofauti, daktari lazima ajue kabla ya kuandika dawa. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kupima badala ya kubahatisha.

Usishangae pia mzee asiye na kisukari akiandikiwa dapagliflozini, dawa iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa sukari. Imethibitika kusaidia moyo uliochoka. Nazo dawa za presha za kundi la kaptoprili, enalaprili na lisinoprili zinaweza kuleta kikohozi kikavu. Kikohozi cha aina hiyo kikianza wiki chache baada ya dawa mpya, mwambie daktari. Anaweza kubadilisha dawa badala ya kuongeza ya kikohozi.

Za duka la dawa zinazoumiza

Mzee akilalamika magoti, kijana hutumwa dukani. Anarudi na diklofenaki au ibuprofeni. Kwa mgonjwa wa moyo, dawa hizi huzuia chumvi na maji mwilini na kuumiza figo. Zimewarudisha wengi wodini. Muulize daktari dawa ya maumivu inayomfaa. Mara nyingi parasetamoli hutosha, lakini si ile ya kuyeyuka kwenye maji kwa povu, kwani povu hilo hutokana na viambato vyenye sodiamu nyingi.

Dawa za mafua zenye kufungua pua zinaweza kupandisha presha na kuyafanya mapigo ya moyo yaende mbio. Prednisoloni, ambayo husaidia kifua kinapozidiwa, nayo huvuta maji mwilini. Itumike kwa siku alizoandika daktari tu, isigeuzwe dawa ya akiba ya kila mwezi.

Kuna pia salbutamoli, ile pampu ya kupuliza mdomoni. Ni msaada mkubwa anapobanwa, lakini hufanya moyo uende mbio, na ikitumiwa kupita kiasi pamoja na dawa ya kukojoza hushusha madini ya potasiamu, jambo linaloweza kuvuruga mapigo. Kama mzee anaihitaji mara nyingi kwa siku, ujumbe wake ni kwamba matibabu hayatoshi au maji yameanza kurudi. Huo ni wakati wa kwenda kliniki, si wa kununua pampu nyingine.

Wengi pia hupuliza vibaya, dawa ikaishia kwenye ulimi. Chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kutobolewa kitako na kuchomekwa pampu ili mgonjwa avute taratibu upande wa mdomo wa chupa. Utafiti wa Afrika Kusini kwa watoto wenye pumu ulionyesha chupa kama hiyo hufanya kazi vizuri. Mwombe muuguzi awaonyeshe mkiwa kliniki.

Kazi ya familia, siku kwa siku

Mizani. Nunueni mizani ndogo ya kusimama. Kila asubuhi, akishakwenda haja ndogo na kabla ya chai, mzee apimwe akiwa na nguo nyepesi. Mjukuu aandike namba kwenye daftari. Uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo si mafuta, ni maji. Wasilianeni na kliniki siku hiyohiyo, msisubiri tarehe ya kadi.

Chumvi. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikiwamo chumvi iliyo ndani ya vyakula. Ondoeni kichupa cha chumvi mezani. Samaki wa ng'onda, viungo vya paketi vya mchuzi na magadi ya kulainishia maharage vyote vina sodiamu. Limao, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga vitaokoa ladha.

Jiko. Dawa haiwezi kushindana na moshi wa kila siku. Mgonjwa asikae jikoni wakati kuni au mkaa unawaka, na mkaa usiwashwe ndani ya nyumba. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kama mtungi wa gesi haujawezekana kwa mapishi yote, anzeni na chai na vyakula vya haraka, na mapishi marefu yafanyike nje. Mtafaidika wote, kwani WHO inasema moshi wa ndani unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia.

Sigara. Kumwambia baba aache si rahisi kwa mtoto. Mtumie daktari. Mnapokuwa kliniki, uliza mbele yake: "Daktari, mzee akiacha sasa bado kuna faida?" Jibu ni ndiyo, katika umri wowote, na likitoka kwa daktari halimvunjii heshima.

Mafua ya watoto. Mafua ya siku tatu kwa mtoto yanaweza kumlaza babu wiki mbili. Mtoto akiumwa asilale chumba kimoja naye, na kila mmoja anawe mikono. Muulizeni daktari kuhusu chanjo ya homa ya mafua na ya nimonia kwa mzee.

Kutembea. Kumlaza kutwa nzima si kumhurumia. Misuli ikilegea, pumzi hupungua zaidi. Atembee kidogo kila siku, apumzike, aendelee. Akihema, avute hewa puani na kuitoa polepole kwa midomo iliyokunjwa, kama anayepuliza chai ya moto. Kazi ndogo za nyumbani azifanye ameketi.

Wakati wa kukimbia hospitali

Msisubiri kupambazuke kama mgonjwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kuhema, midomo au kucha zimebadilika rangi kuwa za bluu au kijivu, anatoa makohozi ya povu lenye rangi ya waridi, ana maumivu ya kifua, amezirai, au amekuwa mzito wa kuamka na anachanganya maneno. Mketisheni wima, miguu ikining'inia. Msimlaze chali garini.

Kama anatumia mashine ya oksijeni nyumbani, msiongeze kipimo kwa huruma. Kwa baadhi ya wagonjwa wa mapafu, oksijeni nyingi kupita kiasi husababisha hewa chafu irundikane mwilini na mtu akapoteza fahamu. Ndiyo maana madaktari huwalenga wengi wao kiwango cha asilimia 88 hadi 92 kwenye kifaa cha kidoleni, na si 100. Mkifika mapokezi, jambo la kwanza kusema ni hili: "Ana moyo na ana mapafu."

Mfuko mmoja, daftari moja

Mgonjwa wa namna hii mara nyingi ana kliniki mbili, madaktari wawili na kadi mbili. Daktari wa moyo haoni alichoandika wa mapafu, na wa mapafu haoni cha mwenzake. Anayeweza kuwaunganisha ni ninyi.

Wekeni dawa zote kwenye mfuko mmoja: za moyo, za kifua, za magoti, hata za miti shamba. Mfuko huo uende kila kliniki pamoja na daftari la uzito na majibu ya vipimo. Mchagueni mtu mmoja wa familia wa kumsindikiza kila mara, ili asiwepo wa kusema "sijui, dada ndiye alikuja mara ya mwisho." Kabla ya kuondoka ulizeni mambo matatu: dawa ipi ni mpya, ipi imeachwa, na ni dalili ipi iturudishe kabla ya tarehe.

Magonjwa haya mawili hayaponi kabisa, na ni haki ya mzee kuambiwa hivyo kwa upole na kuulizwa anataka kutunzwa vipi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mgonjwa anayepanda ngazi tatu za kanisa au msikiti kwa kupumzika mara moja na yule anayezitazama kwa mbali. Mara nyingi tofauti hiyo huanza siku ambayo mtu mmoja wa nyumbani anauliza kama ile "pumu" ina mwenzake.

Kama mzee wako hajawahi kupimwa moyo na mapafu yote mawili, hilo ndilo la kumuuliza daktari kwenye kliniki ijayo. Mfuko wa dawa uanze kujazwa leo.